Kutoka "Tafsiri" hadi "Uvushaji": Historia ya Istilahi ya Transdaksheni na Funzo Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu kijana wa lugha katika shule moja ya sekondari nyumbani kwetu Gashonga, wilayani Rusizi, eneo ambalo wazee bado wanaliita Cyangugu. Ulikuwa mwaka mgumu kwa walimu na kwa wanafunzi. Oktoba 2008 serikali ilikuwa imeamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, na wengi wetu tulikuwa tumesomeshwa kwa Kifaransa. Kamusi zilikuwa chache. Mwanafunzi alipokwama kwenye neno, alimkimbilia mwalimu wa lugha, hata kama neno lenyewe lilikuwa la biolojia.

Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa tano alinijia na daftari lake mkononi. "Mwalimu, samahani. Neno hili transduction lina maana gani? Au wamekosea kuchapa?" Nililitazama, nikaliona ni lile traduction la Kifaransa lililoongezewa herufi mbili. Nikamjibu bila kusita: "Ni tafsiri tu." Akashukuru, akaenda zake. Katika mtihani uliofuata alieleza kwamba transdaksheni ni hatua ambayo seli husoma ujumbe wa jeni na kutengeneza protini. Maelezo yalikuwa mazuri, ila yalikuwa ya kitu kingine kabisa. Alipata sifuri katika swali lile. Alipokuja kuniuliza kosa lake ni lipi, sikuwa na jibu, maana kosa halikuwa lake bali langu.

Baadaye nilielewa mtego ulivyokuwa. Hatua ya kutengeneza protini kutokana na ujumbe wa jeni huitwa translation kwa Kiingereza na traduction kwa Kifaransa. Transdaksheni ni tukio lingine, na Wafaransa nao wana neno lake, lenye herufi zilezile za Kiingereza. Aliyetoka Kifaransa kwenda Kiingereza alikuwa na kila sababu ya kuyachanganya.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya istilahi hii katika nyanja mbalimbali za sayansi. Pili, kuuliza sisi walimu wa Kiswahili tuiite nini: tutafute neno moja kwa maana zote, au kila fani iwe na neno lake?

Asili ya neno

Neno hili limeundwa kwa sehemu mbili za Kilatini: trans, yaani ng'ambo, na ducere, yaani kuongoza. Warumi walitumia kitenzi traducere au transducere kwa maana ya kuongoza watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Julius Caesar alipoandika habari za vita vyake huko Gaul, alikitumia mara nyingi kueleza jinsi alivyovusha jeshi mtoni.

Katika karne ya 15 wasomi wa Italia, akiwemo Leonardo Bruni, walianza kutumia kitenzi hicho kwa kazi ya kuhamisha maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine. Kutoka hapo Wafaransa wakapata traduire na traduction. Kwa hiyo mfasiri wa Kifaransa, kwa asili ya neno, ni mtu anayevusha maneno mto. Sisi tulichukua "tafsiri" kutoka Kiarabu, na asili yake ni kueleza na kufafanua. Wanasayansi wa karne ya 20 walipohitaji jina la matukio mapya, waliurudia mzizi uleule wa Kilatini, safari hii na trans yake nzima.

Tuangalie hapa kwamba Kiswahili kina kitenzi kinacholingana na maana ya awali ya Kilatini bila kupungua: kuvusha, kutokana na kuvuka. Kinyarwanda nacho kina kwambuka na kwambutsa. Mtu wa Rusizi hahitaji kuelezwa jambo hili. Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu na kwenda ziwa Tanganyika, na kwetu ndio mpaka wa Rwanda na Kongo. Ng'ambo ni Bukavu. Kila asubuhi watu huvuka na nyanya, mayai, maziwa, nguo na maneno. Kiswahili chenyewe kimeingia katika masoko ya Kamembe na Bugarama kwa kuvushwa hivyohivyo.

Ili tusipotee katika nyanja nyingi tutakazozipitia, ninapendekeza msomaji awe na maswali matatu mkononi, ayaulize kila mahali. Ni nini kinachovuka? Nani au nini kinavusha? Na kinachofika ng'ambo ni kilekile, au kimebadilika?

Fizikia na uhandisi: kinachofika kimebadilika

Katika fizikia, transdaksheni ni kugeuza nishati au ishara kutoka umbo moja hadi jingine. Kifaa kinachofanya hivyo Waingereza walianza kukiita transducer katika miaka ya 1920, lakini matukio yenyewe yalijulikana zamani. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zilizounganishwa, upande mmoja ukipashwa joto na mwingine ukiwa baridi, huleta athari ya umeme. Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu, ambayo hugeuza sauti kuwa umeme na umeme kuwa sauti. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani, kama vile kwazi, zikibanwa hutoa umeme. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Paul Langevin alitumia kwazi kutuma na kupokea mawimbi ya sauti majini ili kutafuta nyambizi. Kizazi cha kazi ile tunakiona leo kliniki: kile kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo la mama mjamzito hugeuza umeme kuwa mawimbi ya sauti, kisha hupokea mwangwi na kuugeuza tena kuwa umeme, na picha ya mtoto huonekana kwenye kioo.

Kwetu Rusizi mfano mkubwa kuliko yote uko mtoni. Kati ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika mto unashuka takriban mita 700. Kituo cha kwanza cha umeme, Ruzizi I, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi ya Wabelgiji. Cha pili, Ruzizi II, kilianza kazi mwaka 1989 na kinaendeshwa na SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Kongo. Maji yanaporomoka, yanazungusha tabo, tabo inazungusha jenereta, na umeme unatoka. Maji yenyewe hayaingii katika waya. Yanaendelea na safari yake kwenda Bugarama na Uvira. Kilichoingia katika waya ni nguvu yake, katika umbo lingine.

Basi majibu ya maswali yetu matatu katika fizikia ni haya: kinachovuka ni nishati au ishara, kinachovusha ni kifaa, na kinachofika ng'ambo kimebadilika umbo.

Saikolojia: kuvuka bila daraja

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasaikolojia Mjerumani William Stern alilitumia neno hili kwa jambo lililo mbali sana na umeme. Mswisi Jean Piaget alilichukua na kulieneza kuanzia miaka ya 1920. Wanamantiki walikwisha kuzoea njia mbili za kufikiri: kutoka kanuni ya jumla kwenda kwenye jambo mahususi, na kutoka mambo mahususi kwenda kwenye kanuni ya jumla. Piaget aliona kwamba mtoto mdogo ana njia ya tatu. Anatoka jambo mahususi hadi jambo mahususi jingine moja kwa moja, bila kupitia kanuni yoyote. Mfano wake mashuhuri ni wa binti yake Lucienne, ambaye siku moja hakulala mchana, akasema kwamba basi haijawa alasiri.

Wazazi wa Gashonga wanaijua mantiki hii. Mtoto akiona mara mbili kwamba baba akivaa koti huenda Kamembe na kurudi na mkate, siku ya tatu baba akivaa koti kwenda kanisani, mtoto atasubiri mkate mlangoni.

Inafaa kuongeza kwamba wazo hili lilirudi kwa heshima katika fani ya kufundisha mashine. Vladimir Vapnik, mwanahisabati aliyeanzia kazi yake Umoja wa Kisovyeti na baadaye kuhamia Marekani, alitetea hoja kwamba wakati mwingine si lazima kutafuta kanuni ya jumla. Ikiwa una mifano fulani iliyokwisha kutambuliwa, na unataka kutambua mingine michache iliyo mbele yako, vuka moja kwa moja kutoka hii kwenda ile. Kutafuta kanuni ya kila kitu duniani ni kujitwisha tatizo kubwa zaidi ya lile uliloulizwa. Naye aliiita njia hiyo transdaksheni. Kilichoonekana kuwa upungufu wa mtoto kikawa mbinu ya mtaalamu.

Biolojia: kinachofika ni kilekile

Sasa tunafika kwenye swali la mwanafunzi wangu. Mwaka 1952 Norton Zinder, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwalimu wake Joshua Lederberg, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya Salmonella. Walikuwa na aina mbili za bakteria, kila moja ikiwa na upungufu wake. Waliziweka katika mrija wenye umbo la herufi U, aina moja upande huu na nyingine upande ule, katikati pakiwa na kichujio cha kioo chenye matundu madogo mno kwa bakteria kupita. Hata hivyo, baadhi ya bakteria wa upande mmoja walipata sifa za wenzao wa upande wa pili. Kitu fulani kilikuwa kimepita kwenye kichujio na kubeba jeni.

Kitu hicho kilikuwa ni virusi, vile vinavyoshambulia bakteria, ambavyo Frederick Twort aliviona mwaka 1915 na Félix d'Hérelle akavipa jina la bakteriofaji mwaka 1917. Virusi hivi huingia ndani ya bakteria, huzaliana humo, na wakati wa kufungasha mizigo yao kwa safari, mara mojamoja hufungasha kwa makosa kipande cha jeni za mwenyeji wao. Vinapoingia katika bakteria mwingine huupakua mzigo ule wa wizi. Zinder na Lederberg wakaliita tukio hilo transdaksheni. Lederberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa ugunduzi wake kuhusu jeni za bakteria.

Majibu ya maswali yetu hapa ni tofauti na yale ya fizikia. Kinachovuka ni jeni. Kinachovusha ni virusi, kama mtumbwi. Na kinachofika ng'ambo ni kilekile kilichoondoka. Jeni haikubadilika umbo, imebadilisha makao tu. Kama ningemwambia mwanafunzi wangu maneno haya machache, asingepata sifuri.

Ishara katika seli, na kipindupindu cha mwaka 1994

Maana ya nne ilizaliwa katika maabara za Marekani. Tangu miaka ya 1950 Earl Sutherland alikuwa ameonyesha kwamba homoni nyingi haziingii ndani ya seli. Zinabisha mlangoni, na ndani hutengenezwa mjumbe wa pili, kemikali ndogo inayojulikana kwa kifupi kama cAMP, ambaye ndiye anayezungukia nyumba na kuamsha watu. Lakini nani anatoka mlangoni kwenda kumwita huyo mjumbe wa pili? Karibu na mwaka 1970 Martin Rodbell, aliyeathiriwa na fikra za wahandisi wa mawasiliano, alipendekeza kwamba lazima pawe na sehemu tatu: ya kutambua ishara, ya kukuza ishara, na katikati yake ya kuvusha ishara. Hiyo ya katikati aliiita kwa jina lilelile la vifaa vya wahandisi. Alfred Gilman na wenzake wakaja kuitenga na kuionyesha: ni protini inayoitwa protini G. Mwaka 1994 Rodbell na Gilman walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka huo haupiti bila uzito kwa msomaji wa Rwanda. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Goma mwezi Julai 1994. Kipindupindu kikawalipukia kando ya ziwa Kivu. Inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Nilikuwa mtoto, na hata upande wetu wa kusini mwa ziwa watu wazima walilitaja jina la ugonjwa huo kwa sauti ya chini.

Miaka mingi baadaye, nikisoma ili nilipe deni langu kwa mwanafunzi yule, nilikutana na jambo ambalo sikulitarajia. Sumu ya kipindupindu huua kwa kuharibu transdaksheni ya ishara. Inaingia katika seli za utumbo na kuishika ile protini G ya Rodbell na Gilman. Kwa kawaida protini hiyo huwaka inapopata ishara, kisha hujizima yenyewe baada ya muda mfupi. Sumu huizuia kujizima. Mjumbe wa pili anaendelea kuitwa bila kikomo, seli inamwaga chumvi nje, na maji yanaifuata chumvi. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Sumu hiyohiyo ndiyo wanasayansi walioitumia maabara kuifahamu protini G. Oktoba 1994 dunia ilipotangaza tuzo kwa waliomtambua mvushaji huyo wa ishara, makaburi ya Goma yalikuwa na miezi mitatu tu.

Kuna zaidi. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu hazaliwi na sumu hiyo. Jeni za sumu huletwa na virusi. Bakteria asiye na madhara akiingiliwa na virusi hivyo anaweza kuwa muuaji. Hapa virusi hubeba jeni za sumu kama sehemu ya jeni zake vyenyewe, kwa hiyo wataalamu wanalitofautisha tukio hili na lile la Zinder na Lederberg, lakini ni ndugu wa karibu. Basi katika ugonjwa mmoja tunakuta maana mbili za neno letu: virusi vinaivusha jeni ya sumu hadi kwa bakteria, na sumu inaharibu uvushaji wa ishara ndani ya mwili wa binadamu.

Tiba nayo inahusu kuvuka. Sumu hufungulia maji yatoke, lakini haizibi mlango mwingine wa utumbo ambao sukari na chumvi huingia kwa pamoja na kuvuta maji ndani. Robert Crane aliueleza mlango huo mwaka 1960. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, akiwa katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, aliwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Pakiti ile ya dawa ya kuchanganya na maji, ambayo kila mama wa Gashonga anaijua, inatokana na kazi hiyo.

Kwa ishara ya seli, majibu ya maswali yetu ni ya aina ya tatu: ujumbe unavuka, lakini mjumbe wa kwanza anabaki nje mlangoni.

Hisi: mbona pilipili huwasha?

Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa David Julius na Ardem Patapoutian, walioeleza jinsi neva zinavyogeuza joto na mguso kuwa ishara za umeme. Hii pia huitwa transdaksheni. Mwaka 1997 Julius na wenzake walikuwa wametambua protini katika neva inayoitikia joto kali, la kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi na kuendelea. Waliipata kwa kuifuatilia kemikali ya pilipili. Protini moja inaitikia moto na inaitikia pilipili, na ubongo haupati njia ya kuvitofautisha.

Mswahili hatashangaa. Taa huwashwa, moto huwashwa, na pilipili huwasha. Kitenzi chetu kimeviweka moto na pilipili mahali pamoja muda mrefu kabla ya maabara. Wahenga hawakujua protini, lakini walijua ulimi unasema nini.

Kiswahili chenyewe ndani ya kivushi

Fani ya mwisho ni yetu wenyewe. Wataalamu wa isimu kompyuta hutumia mashine za kimantiki zinazosoma mfuatano mmoja wa herufi na kutoa mwingine, nazo pia huitwa kwa jina hili. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alitoa nadharia ya kuchambua maneno kwa ngazi mbili: ngazi ya ndani yenye mofimu, na ngazi ya juu yenye neno kama linavyoandikwa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 alichapisha makala kuhusu kazi hiyo katika toleo la kwanza la jarida la Nordic Journal of African Studies. Mfumo wake ulijulikana kama SWATWOL.

Tuchukue mfano mwepesi. Katika ngazi ya ndani tuna ki- na -akula. Katika ngazi ya juu tuna "chakula". Katika wingi tuna vi- na -akula, na juu tuna "vyakula". Mashine inajua kanuni za kuvuka pande zote mbili. Ukiipa "hatukuwaona" inakurudishia ha-tu-ku-wa-on-a, na maelezo ya kila kipande. Mwanafunzi wa sarufi anayechambua neno ubaoni anafanya kazi hiyohiyo kwa chaki.

Suala la istilahi

Sasa turudi kwenye swali letu. Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili ina historia ndefu, tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya mwaka 1930, kisha BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili tulifundishwa kanuni inayopendwa na wengi: dhana moja, istilahi moja.

Lakini kanuni hiyo inasema nini pale ambapo wageni wana istilahi moja na dhana sita? Kuna wanaosema tuwape wanafizikia "ugeuzi", wanabiolojia "uhamishaji", na wanasaikolojia neno lao. Faida yake ni kwamba kila neno linaeleza jambo lake kwa uwazi. Hasara yake ni kwamba undugu unapotea. Rodbell alilikopa neno la wahandisi kwa makusudi, kwa sababu aliiona seli kama chombo cha mawasiliano. Tukiwapa "ugeuzi" kule na "upitishaji" huku, mwanafunzi wa Kiswahili hataona daraja ambalo Rodbell alilipita.

Wengine wanasema tutohoe tu: transdaksheni, basi. Ni rahisi, na katika makala haya nami nimelitumia umbo hilo. Lakini neno lililotoholewa halimwambii mwanafunzi lolote kuhusu maana yake. Ndilo lililonishinda mimi mwaka 2009: niliangalia herufi, sikuona maana.

Pendekezo langu ni "uvushaji", na kifaa kiitwe "kivushi", kisha kila fani iongeze sifa yake: uvushaji wa nishati, uvushaji wa jeni, uvushaji wa ishara, uvushaji wa hisi, fikra-vushi kwa mantiki ya mtoto. Neno kuu linatunza undugu, na nyongeza inatunza tofauti. Najua pingamizi litakaloletwa: katika fizikia umbo hubadilika, na kuvusha hakusemi lolote juu ya kubadilika. Ni kweli. Lakini hata neno la Kilatini halisemi. Ndiyo maana nashauri swali la tatu lifundishwe pamoja na neno: kinachofika ng'ambo ni kilekile, au kimebadilika? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo ameielewa dhana, kwa lugha yoyote atakayoulizwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno moja lilitoka kwenye mto, likaingia katika vitabu vya wafasiri, likapita kwa wahandisi, wanasaikolojia, wanabiolojia, na likafika mpaka kwenye sarufi yetu. Kila fani ililipa kazi mpya bila kuifuta ile ya kwanza.

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Rwanda, miaka 10 baada ya nchi yetu kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumweleza mtoto kwa nini bibi yake alikufa kwa kuhara katika saa chache, au kwa nini pakiti ya chumvi na sukari ingemwokoa, ni rasmi kwa karatasi tu. Kazi hiyo haitafanywa na watu wa sayansi peke yao. Mwanafunzi akikwama kwenye neno bado atakimbilia kwa mwalimu wa lugha, na mwalimu wa lugha anawajibika kulivuka neno hilo kwanza yeye mwenyewe kabla ya kumvusha mwenzake.

Yule mwanafunzi wangu sijui kama atayasoma makala haya. Akiyasoma, namwomba radhi. Hapakuwa na kosa la kuchapa. Ulikuwa uvushaji wa jeni, na aliyepotea njia alikuwa mwalimu wako.